Ndoo ya Ijumaa

Kaengesa,
Jumapili, 16 Februari 2025

Baba mkubwa Maximilian,

Shikamoo. Na mama mkubwa Hellena shikamoo, mgawie yake kabla haijapoa. Mimi mwanenu Leonia ni mzima. Baba na mama huko Sumbawanga mjini ni wazima, karakana ya baba bado inapiga kelele na mama bado anaigombeza. Nasikia simu yako ilitumbukia kwenye pipa la pombe ya ulezi, na umekataa kununuliwa nyingine kwa sababu simu ni ya kuulizia bei ya mahindi tu. Haya, mzee, tutaandikiana. Barua hii analeta Basil wa lori la mahindi, na ameapa kwamba hataikalia.

Sasa shika kiti. Nimepangiwa mazoezi ya kufundisha, na unajua ni wapi? Shuleni kwako. Hapa hapa ulipokuwa mwalimu mkuu miaka kumi na miwili. Nimepewa darasa la pili, watoto sitini na wanne, na nawapenda wote hata yule anayenitafuna chaki.

Halafu kuna jambo jipya chuoni linaloninyima usingizi kwa raha. Mkufunzi wetu, Mwalimu Obed, anatufundisha kitu kinaitwa fikra bunifu. Ni namna ya kutatua matatizo ya shule. Kwanza unamsikiliza mwenye tatizo mpaka umwelewe. Pili unalitaja tatizo lenyewe. Tatu unamwaga mawazo kwenye karatasi za rangi, hata ya kichaa, bila kuyacheka. Nne unatengeneza mfano wa haraka kwa vitu ulivyonavyo. Tano unaujaribu, ukiharibika unaanza tena. Baba mkubwa, ni kama vile mtu amenipa ruhusa ya kukosea. Kila mmoja wetu lazima atafute tatizo moja la kweli shuleni, alitatue na watoto, alielezee mbele ya chuo tarehe 23 Mei. Asiyefaulu anarudia mazoezi mwakani wakati wenzake wanavaa majoho.

Tatizo langu nimelipata siku ya tatu tu, kwenye daftari la mahudhurio. Kila Ijumaa watoto kumi na mmoja hawaji, wale wale, na karibu wote ni wa familia za wafugaji kule ng'ambo ya kijito. Jumatatu wanarudi wazima. Wewe uliyekaa hapa miaka yote hiyo, Ijumaa ina nini?

Usijali lakini, dawa nimeshaipata. Nitaanzisha "Ijumaa Tamu": michezo, vikaragosi vya magunzi, na gurudumu la bahati la boksi. Watakuja wanakimbia.

Mwanao mwenye furaha,
Leonia


Mwazye,
27 Februari 2025

Leonia,

Marahaba. Mama yako mkubwa amepokea yake ingali ya moto. Sisi tu wazima ila migongo. Tuko shambani tunapiga matuta ya ntumba, tunafukia nyasi zioze, na mvua inanyesha bila adabu.

Nakurudishia barua yako baada ya kuisahihisha kwa kalamu nyekundu. Umepata 58 kwa 100. Nimekukata alama kwa kuniambia nishike kiti ilhali nilikuwa nimeshakaa, na kwa kuitaja ile simu iliyolewa pipani mbele ya mama yako mkubwa, ambaye sasa ananicheka upya. Mwandiko umeshuka. Nilikufundisha kuandika ukiwa na miaka mitano, na herufi zako zilikuwa zimesimama wima kuliko hizi.

Kuhusu hizo fikra bunifu. Mfipa wa kwanza kufukia nyasi ndani ya tuta hakwenda chuo. Aliona ardhi imechoka, akajaribu, ulezi ukakubali, akarudia. Ninyi mmeipa hatua tano na karatasi za rangi. Sikatai, lakini msijidai mmegundua.

Kuhusu Ijumaa. Ijumaa ni siku kama siku nyingine. Wafugaji wanafuata malisho, na watoto wao wanafuata ng'ombe. Nakushauri uchague tatizo jingine. Vyoo, kwa mfano. Hakuna mwanafunzi aliyewahi kufeli kwa kuandika habari za vyoo.

Baba yako mkubwa,
M.


Kaengesa,
11 Machi 2025

Baba mkubwa,

Shikamoo tena, wewe na mama mkubwa. Mimi mzima, ila heshima yangu imevunjika kidogo. Baba ametuma salamu na kiti kimoja kibovu nimfikishie fundi wa huku, kana kwamba yeye mwenyewe si fundi. 58 nimeipokea. Wenzangu chumbani wameisoma barua yako kwa sauti na sasa wote wanaomba uwasahihishie na wao.

Ijumaa Tamu imefanyika. Imekuwa tamu mno, ndiyo shida. Gurudumu la boksi lilizunguka, vikaragosi viliimba, darasa la tano walitoroka hesabu wakaingia kupitia madirishani, na mwalimu mkuu mwenyewe alikuja kukemea, akazungusha gurudumu mara moja ili aone linavyofanya kazi, akashinda biskuti, akakaa. Tulicheka hadi paa lilipovuja na gurudumu likalainika kama uji. Wale kumi na mmoja hakuja hata mmoja.

Mwalimu Obed alikuwa amekuja kunikagua. Alikaa nyuma na daftari lake, akala biskuti yake, watoto walipotoka akaniuliza, "Umewauliza?"

Nikasema, "Akina nani?"

"Wasiokuja."

Baba mkubwa, nilitamani sakafu inimeze. Nilianzia hatua ya nne. Nimemtengenezea tafrija mtu ambaye hayupo, nikawalisha waliokuwepo. Nilijicheka njia nzima kurudi nyumbani, halafu nilipofika nikalia kidogo, halafu nikacheka tena. Mwalimu Obed amesema hajanipa alama yoyote bado, na kwamba muda ninao.

Basi likizo ikianza nitavuka kijito nikawatembelee nyumbani kwao. Nitaanza na binti mmoja anaitwa Milembe, ana miaka minane, anajumlisha kichwani kabla sijamaliza kuandika ubaoni. Huyo ndiye asiyekosa kukosa Ijumaa.

Ila swali langu la kwanza hukulijibu. Uliniambia habari za vyoo. Ijumaa ina nini?

Leonia


Mwazye,
22 Machi 2025

Leonia,

Marahaba. Sisi wazima. 64 kwa 100, umekubali kosa lako bila kuzunguka na hilo lina alama zake.

Usivuke kijito. Mvua bado, daraja la magogo linateleza, na mbwa wa kule ni wakali. Watoto waulize shuleni.

M.

Leonia mwanangu, hii naandika mimi mama yako mkubwa mgongoni mwa barua yake kabla hajaibandika. Barua yako ameisoma mara tatu, chakula ameacha, na amezunguka banda la mbuzi kama aliyepoteza kitu. Nimemuuliza, amesema ni tumbo. Mimi nimeishi naye miaka thelathini na sita na tumbo lake nalijua. Wewe vuka.


Kaengesa,
6 Aprili 2025

Baba mkubwa,

Shikamoo. Salamu za baba na mama, wote wanaendelea vizuri. Shule inafunguliwa keshokutwa.

Nilivuka. Daraja linateleza kweli, niliangukia upande wa kushoto. Mbwa ni wakali kweli, aliniokoa bibi mmoja kwa fimbo yake. Nilifika nimepakwa tope hadi masikioni, na Milembe aliponiona alicheka hadi akakaa chini. Nadhani hilo ndilo lililonisaidia. Mwalimu aliyeanguka si wa kuogopwa. Nikapewa maziwa ya mgando kwenye kibuyu kikubwa, na kila nikimaliza kinajazwa. Nilikunywa vibuyu vitatu kwa ajili ya taaluma.

Nikauliza Ijumaa ina nini. Bibi akaniangalia kana kwamba nimeuliza mvua ina nini.

Ina ndoo, Baba mkubwa. Watoto wa wenye ng'ombe wanatakiwa kuleta samadi mbichi kila Ijumaa, ndoo moja kila mmoja, ya kusiliba sakafu za yale madarasa ya zamani. Ni karibu saa nzima kwa miguu. Mvua ikinyesha inachuruzika usoni na kwenye sare. Wakifika wenzao wanaziba pua na kuwaita watoto wa mavi. Siku nzima hakuna anayekaa nao dawati moja. Mimi nilikuwa naziona ndoo mbili tatu mlangoni za wale wanaojikaza, nikidhani ni za usafi. Nimezipita wiki sita nikienda kuchora gurudumu la bahati.

Nilimuuliza Milembe angependa Ijumaa iweje. Nilikuwa na karatasi zangu za rangi tayari, nikitarajia bembea na pipi. Akasema, "Nataka nije na daftari tu."

Mama yake anaitwa Kabula. Aliongea kidogo. Nilipokuwa naaga aliniuliza nani alinifundisha kusoma nikiwa mdogo. Nikamwambia ni baba yangu mkubwa. Akauliza jina. Nilipolitaja alichukua kibuyu, akanijazia tena.

Nimerudi nikapitia ofisini. Kanuni ya ndoo ipo ukutani, ndani ya fremu, ya mwaka 2004. Mwandiko umesimama wima, mzuri sana. Saini ina mkia mrefu chini, kama ule ulio chini ya 58 yangu na 64 yangu. Sijamwambia mtu yeyote.

Leonia


Kaengesa,
11 Mei 2025

Baba mkubwa,

Shikamoo, wewe na mama mkubwa. Basil ameniletea barua yangu ya Aprili ikiwa ndani ya bahasha mpya. Imerudi bila alama, wala neno. Nimeigeuza mbele na nyuma, nimeiangalia kwenye mwanga. Sijawahi kupata barua ya namna hiyo kutoka kwako na imenitisha kuliko sifuri.

Lakini nina habari, na nikikaa nazo nitapasuka. Darasa la pili lote tumefanya hatua ya tatu. Niliwaambia wamwage mawazo ya kuondoa ndoo, na nikawakataza kuchekana. Mmoja akasema tufundishie juu ya miti. Mwingine akasema tukate miguu ya madawati tukae chini na vumbi tulizoee. Milembe akanyanyua mkono akasema, "Ng'ombe waje wenyewe."

Nilicheka, nikavunja sheria yangu mwenyewe. Halafu nikakumbuka jambo. Ng'ombe wa kwao kila Alhamisi jioni wanapita nyuma ya shule kwenda majini. Wakipitishwa uwanjani na kusimamishwa kidogo, mzigo wataushusha wao wenyewe, na darasa zima linazoa na kusiliba pamoja, mwenye ng'ombe na asiye na ng'ombe, walimu tukiwemo. Ijumaa asubuhi sakafu imekauka na kila mtu anakuja na daftari tu.

Alhamisi iliyopita tulijaribu. Ng'ombe ishirini na saba, Baba mkubwa. Mmoja aliingia ofisini akala andalio langu la somo la wiki nzima, akabakiza ukurasa wa malengo. Mwalimu mkuu alipanda juu ya meza. Mzigo ulishushwa, lakini wote mbele ya mlango wa ofisi. Watoto wa kijijini walizoa kwa mikono mitupu wakipiga kelele za furaha, na yule bingwa wa kuziba pua alipakwa hadi shingoni na akasema ni ya uvuguvugu. Tulisiliba madarasa mawili kabla ya jua kuzama. Na juzi, Ijumaa, katika wale kumi na mmoja walikuja tisa.

Sasa nimekwama. Kamati ya shule imesema jaribio limependeza, lakini kanuni ya Mwalimu Maximilian haifutwi na binti wa mazoezi. Ulijenga shule hii, wanakuheshimu sana, kanuni yako itabaki ukutani na ndoo zinarudi wiki ijayo. Wanakutana tena tarehe 20 Mei, siku tatu kabla sijasimama mbele ya chuo. Nikisimama na kanuni ikiwa bado ukutani, nimefeli, na Mwalimu Obed ameniambia hivyo bila kunificha. Lakini nitarudia mwaka, nitaishi. Milembe hawezi kurudia Ijumaa zote.

Naomba barua moja kutoka kwako, iseme kwamba kanuni iondolewe. Sitauliza kitu kingine.

Leonia


Mwazye,
15 Mei 2025

Mwanangu Leonia,

Marahaba. Mama yako mkubwa mzima, ulezi tumeanza kuvuna, baridi imeanza kuuma. Nimeandika barua hii mara nne. Tatu nimezifukia kwenye tuta pamoja na nyasi, na mama yako mkubwa ameniona.

Mwaka 2004 sakafu zilikuwa vumbi tupu, funza waliwala watoto vidole. Samadi ilizuia vumbi na funza. Wafugaji walikuwa wamefika karibuni, wenyeji wanawatazama kwa jicho la pembeni, nami nikasema ngoja niwape heshima: ninyi mna ng'ombe, mtatuokoa. Niliiandika kwa mwandiko wangu bora, nikaweka fremu kwa fedha yangu. Nilijiona mbunifu kweli kweli. Hatua yako ya kwanza sikuifanya. Sikumuuliza hata mmoja.

Mwaka 2006 kulikuwa na binti darasa la nne, Kabula. Alikuwa anajumlisha kichwani kabla sijamaliza kuandika ubaoni. Ijumaa moja wenzake walimcheka mlangoni, ndoo ikamwagika juu yake, nami nikamwambia aende akaoge arudi. Hakurudi. Nilimsubiri wiki mbili, kisha nikatoka kumfuata. Nilifika kijitoni. Nikasimama kwenye daraja nikifikiria nitawaambia nini wazazi wake, mimi mwalimu mkuu, nikageuka. Nikaandika kwenye daftari la mahudhurio kwamba familia imehama. Hawakuhama. Kanuni sikuitoa, kwa sababu kuitoa kungekuwa kukiri. Nimeona aibu miaka kumi na tisa, na ulipoandika jina la Milembe na hesabu zake nilijua ni mtoto wa nani kabla hujavuka.

Barua yako ya Aprili nilishindwa kuisahihisha kwa kuwa haikuwa na kosa. Makosa yote yalikuwa yangu.

Kwa kamati ya shule nasema: kanuni yangu ya Ijumaa ilikuwa kosa. Itoeni ukutani. Fremu mtumie kwa jambo jingine.

Ndani ya bahasha nimeweka kalamu nyekundu. Hii barua usiisahihishe wewe, utanionea huruma. Mpe Milembe.

Maximilian


Kaengesa,
Jumapili, 1 Juni 2025

Baba mkubwa wangu,

Shikamoo mara mia. Nimefaulu. Nilisimama mbele ya chuo kizima, nikaonyesha mabaki ya andalio la somo lenye alama za meno, na Mwalimu Obed alicheka hadi akavua miwani. Nilipofika kwenye maneno ya Milembe kuhusu daftari, hakuna aliyecheka. Joho nitavaa mwaka huu. Baba anajisifu mjini kote kwamba akili hii ni ya upande wake.

Kamati ilisoma barua yako tarehe 20. Walipomaliza, mwenyekiti akainuka akaitoa kanuni mwenyewe. Kwenye fremu sasa kuna mchoro wa Milembe wa ng'ombe akiingia ofisini. Mwalimu mkuu juu ya meza amefanana sana.

Kisha nilivuka tena, safari hii bila kuanguka, nikaisoma barua yako nyumbani kwao. Maneno mafupi Milembe alisoma mwenyewe. Kabula aliniomba nirudie pale kwenye daraja. Nikarudia. Akasema, "Kumbe alifika kijitoni," akatoka nje akakaa huko kidogo. Aliporudi alimwambia mwanaye asahihishe, watu wasikae wakisubiri.

Milembe alishika kalamu yako nyekundu kwa mikono miwili. Kakupa 9 kwa 10. Nikamuuliza ile moja umekosa wapi. Amesema hujakosa, ameizuia. Atakupa ukija Ijumaa na ndoo ya samadi kichwani, kuanzia kwao hadi shuleni. Shule inafungwa Ijumaa hii. Nimejaribu kukutetea kwamba una mgongo. Kabula amesema wao watajaza nusu.

Leonia


Mwazye,
Jumatano, 4 Juni 2025

Leonia,

Marahaba. Basil ananipitia kesho alfajiri, barua hii anaitanguliza leo kwa mwenzake. Ndoo ninayo. Kata ya kichwani ameniviringishia mama yako mkubwa kwa kitenge chake kipya. Mwambie Milembe wajaze yote.

M.